Chafya Iliyochekesha Nchi

Sehemu ya Tisa

"Nyinyi ndio mmeniambia bwana yangu amekufa."

Hapo ndipo nilipowakatia hadithi wiki jana, na najua wengine wenu mmenitukana. Nisameheni, gazeti lina mwisho wa ukurasa. Haya, tuko palepale: hotelini Roret, saa nne asubuhi, chapati mbili mezani, na mama mmoja aliyevaa aproni ya kuchumia chai amesimama mbele ya Zack Gekara.

Zack alicheka. Tusimlaumu sana, kucheka ndiyo kazi yake. Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, huyu ndiye kijana anayevaa wigi la mvi na miwani isiyo na vioo, akajiita Daktari Eliakim, akawahoji wakubwa wetu maswali ya kipumbavu. Huwadanganya kwamba picha zitaonyeshwa Norwei tu. Wakubwa hujimwaga, na Jumapili nchi nzima huwacheka katika kipindi cha *Daktari Eliakim Anauliza*.

"Keti kwanza, mama," alisema Zack. "Mimi ni mchekeshaji tu. Sijawahi kuambia mtu habari ya kifo."

"Sikukuja kuketi."

Mama akaweka simu yake katikati ya chapati. "Mimi naitwa Jerusa. Angalia vile ulifanya."

Ilikuwa klipu ya Jumapili. Unaijua, wewe pia uliicheka. Mwenyekiti Chepyegon wa kampuni ya chai ya Chemasis ameketi barazani kwake Kimulot, tai nyekundu shingoni, mjukuu wa wiki tatu mapajani. Daktari Eliakim anamsogezea maikrofoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, watazamaji wa Norwei wanauliza. Mtoto akipiga chafya, mnajuaje kwamba ni babu amerudi? Si pengine ni baridi ya Kimulot?"

Swali hilo lina mila ndani yake. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, akina mama wazee humwitia majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Likitajwa la yule aliyerudi, mtoto hupiga chafya, na watu hushukuru. Wenyewe huita kurenet, na si jambo la kuchezea.

Kwenye simu, Chepyegon alivimba shingo. "Usicheze na kitu hii, Daktari! Hapa mama wazee waliita majina nane. Mtoto kimya. Mama yangu akanyamaza, akakataa kuendelea. Mimi mwenyewe nikasema kwa mdomo yangu: iteni Sigilai. Mtoto akapiga chafya mara mbili!"

Hapo Beverly Ayoo, mpiga picha wa Zack ambaye pia ndiye hukata na kuunga kipindi, alikuwa ameongeza chafya ya mbuzi na vicheko vya watu. Watazamaji milioni mbili walivunjika mbavu.

"Sigilai ni nani?" Beverly aliuliza sasa.

"Ni ndugu yake mdogo. Ni bwana yangu."

"Pole sana. Alifariki lini?"

"Hakufariki," alisema Jerusa. "Mimi nimejua ako Kongo."

Beverly ndiye aliyeelewa kwanza. Yeye ni mtu wa ziwani, na kwao pia wafu huja kudai majina kwa watoto. Alikirudisha kipande cha chapati kwenye sahani.

"Zack," alisema polepole. "Mtu ako hai haitwi."

Kicheko kikamkauka Zack mdomoni. Aliiangalia klipu upya, bila sauti, na akaona kitu ambacho hakukiona mara ya kwanza alipokuwa akishughulika kujizuia kucheka: Mwenyekiti, baada ya kulitaja jina lile, alikuwa ameangalia chini haraka.

"Tueleze, Mama," alisema.

Jerusa alieleza akiwa wima. Miaka miwili iliyopita Chemasis ilileta mashine za kuchuma chai, mashine moja inafanya kazi ya watu thelathini. Sigilai akawaongoza wachumaji kupinga. Mashine tatu zikachomwa. Kesho yake Sigilai aliitwa na kaka yake Kimulot, waongee kama watu wa tumbo moja. Alitoka nyumbani saa mbili asubuhi na hakurudi.

"Siku ya tatu nikapata meseji. *Polisi wananitafuta. Nimevuka Kongo. Usiulize mtu.* Sasa mimi ningeuliza nani? Nikiuliza, namshikisha."

"Na tangu siku hiyo?" Zack aliuliza.

"Kila mwezi moja. Namba hiyohiyo. Nikipiga, mteja. Imezimwa. Inawashwa tu ikitaka kuandika."

"Na ukaamini ni yeye?"

Jerusa alimtazama kwa hasira. "Iliuliza kifua ya Dorine! Msichana yangu ako na pumu. Baridi ya Julai ikifika, inaandika: *mpake mtoto mafuta kifuani, usimlaze upande wa dirisha.* Nani mwingine anajua dirisha ya nyumba yangu? Kila meseji nilikuwa napelekea Kogo, mama ya Sigilai. Tunasoma na yeye, tunalia na yeye. Halafu Jumapili naangalia TV kwa jirani, watu wanacheka, na mimi nasikia bwana yangu ameitwa na wafu."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga walisema, na siku hiyo usaha ulimwagikia mezani kwa Zack. Alitamani ardhi immeze.

"Unataka tufanye nini, Mama Dorine?"

"Nataka kuona yote. Si hiyo mlikata. Yote."

Beverly akafungua kompyuta. Mahojiano mazima yalikuwa ya dakika arobaini na saba. Zack na Beverly walimkodolea macho Chepyegon, wakisubiri ulimi uteleze tena. Haukuteleza. Mwenyekiti alisifu kampuni yake, akasifu ng'ombe wake, akapokea nishani ya bati ya "Kiongozi Mwenye Huruma" na kuibusu.

Jerusa hakumwangalia shemeji yake hata kidogo. Alikuwa akiangalia nyuma yake.

"Simamisha hapo."

Picha ikaganda. Nyuma ya zizi la ng'ombe palikuwa na mteremko wa chai, umechumwa ukalingana kama meza. Lakini pembeni kabisa, kona moja ilikuwa nyeusi kwa miti iliyosimama juu kuliko kichwa cha mtu. Beverly aliipenda kona hiyo siku ya kupiga picha. Ndiyo maana alimketisha Mwenyekiti mbele yake.

"Hii miti ni ya nini?" aliuliza.

"Si miti," alisema Jerusa. "Ni chai."

Zack aliona aibu mpaka masikioni. Mama yake, Phelis, alitoka Kisii akachuma chai miaka ishirini na sita, na yeye Zack alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya Kericho. Alijua kabla ya kujua kusoma kwamba chai isipochumwa hupanda ikawa mti. Alikuwa ameiangalia kona ile dakika arobaini na saba na akaona mandhari.

"Imeachwa muda gani?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Miaka miwili. Haiwezi zidi, haiwezi pungua." Jerusa aligusa kioo kwa kidole chenye utomvu mweusi wa majani. "Hakuna mtu anaachanga chai hivi. Hata ukifiwa, wiki ikiisha jirani anakuja kukuchumia isiharibike. Hapa kuna watu walikatazwa kuingia."

Hakulia. Nawaambia kwa sababu mimi ningelia.

Simu ya Zack ikalia, wote watatu wakashtuka. Namba aliijua.

"Daktari Eliakim!" Sauti ya Chepyegon ilikuwa imejaa kicheko. "Umenimaliza! Mpaka mke yangu amecheka. Sasa sikiza, kijana. Nataka tufanye tena. Leo, saa tisa. Kuna mahali nilisema vibaya, nataka kurekebisha ndio wananchi waelewe. Na ubebe ile ya kwanza, yote, kadi yenyewe. Si nakala."

"Leo ni mapema, Mwenyekiti. Tuko Nairobi..."

"Nairobi gani? Maliza chapati yako, ukuje."

Akakata. Zack aliangalia dirishani. Ng'ambo ya barabara ya Roret, mwanamume aliyeegemea pikipiki alikuwa akirudisha simu mfukoni.

"Turudi Nairobi saa hii," alisema Beverly. "Tutafute wakili, manze. Hii si kipindi tena, hii ni kesi."

"Tuanze na polisi," alisema Zack.

"Polisi wa wapi?" Jerusa alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mkubwa wa kituo alikuwa kwa hiyo sherehe ya mtoto. Mmemuonyesha akikula mbavu. Na sikizeni. Kama mimi nimeona hiyo kona kwa picha yenu, hata yeye ameona. Mkienda Nairobi, mkirudi mtapata viazi imepandwa hapo. Nitazika nini? Dorine nitamuonyesha nini?"

Basi hapo ndipo mambo yalipofika. Mama huyu hakutaka kesi, hakutaka televisheni, hakutaka hata kisasi, siku hiyo. Alitaka kujua mahali alipolala mumewe kabla jembe halijapita juu yake.

"Mimi naenda mbele," alisema. "Nabeba maziwa ya mursik ya kuona mtoto. Mke wa nyumba hiyo haulizwi amekuja kufanya nini. Nyinyi mnifuate. Mketi na yeye kwa baraza, mumshike hapo." Akamgeukia Zack. "Nipatie dakika kumi na tano. Unajua kuchelewesha mtu na ujinga, si ndio?"

"Ndio, Mama," alisema Zack. "Hiyo najua."

Beverly alituma nakala ya picha zote ofisini. Kisha wakaondoka.

Waliingia Kimulot saa tisa kasorobo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni na mawingu ya mvua ya mawe yalikuwa yanajikusanya, kama kawaida ya alasiri za huko. Lakini kilichomkata Zack maini ni trekta. Lilikuwa limesimama nyuma ya zizi, mnyororo mzito umefungwa nyuma yake, na wanaume wawili wamekalia majembe yao wakisubiri kuambiwa waanze.

Barazani walikuwa watu wawili na nusu. Chepyegon, tai ileile nyekundu. Mama yake, Kogo, mwanamke mwembamba aliyefundisha nasari miaka thelathini, amejifunika shuka la sufu. Na ndani ya shuka, mjukuu amelala. Mezani palikuwa na kibuyu cha mursik, ambacho hakijafunguliwa. Kwa hivyo Jerusa alikuwa amefika.

"Chamgei, Mwenyekiti," alisalimu Zack.

"Leta kadi."

"Baada ya kurekodi, mheshimiwa. Kamera haiwezi kufanya kazi bila kadi." Huo ulikuwa uongo wa papo hapo, na ulifaulu.

Chepyegon alimwangalia juu mpaka chini. Kicheko cha kwenye simu hakikuwepo. "Wapi hiyo nywele?"

"Nilidhani leo tungeongea bila..."

"Vaa. Vaa nywele na miwani. Uniulize vile uliniuliza."

Zack akavaa wigi. Alikuwa amelivaa mara mia, lakini siku hiyo lilimkaa kichwani kama kitu alichomvua maiti. Beverly akasimamisha kamera. Taa nyekundu ikawaka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza Daktari Eliakim kwa sauti yake ya kizee, "kabla ya swali letu, watu wa Norwei wangependa kujua ng'ombe wako wanaitwa nani."

"Nini?"

"Majina yao. Mmoja mmoja. Norwei wanapenda sana ng'ombe."

Niamini nikikwambia, alitaja. Mtu mwenye majivuno ni mtu mwenye majivuno hata akiwa na trekta linasubiri. Alitaja ng'ombe kumi na wanne, na kila mmoja Daktari Eliakim aliuliza rangi yake na mama yake. Kisha akaulizwa kama ng'ombe nao hupiga chafya. Kisha kama nishani ya bati inapata kutu. Dakika tano zikapita, kisha nane. Jasho lilikuwa likimtiririka Zack chini ya wigi, naye akitabasamu.

Juu ya bega la Chepyegon, mbali, aliona kitambaa chekundu alichojifunga Jerusa kichwani kikipita nyuma ya zizi. Kikapenya mistari ya chai iliyochumwa, ikimfikia Jerusa kiunoni. Kisha kikaingia kwenye kona nyeusi.

"Inatosha!" Chepyegon alipiga meza, mursik ikayumba. "Uliza ile ya mtoto."

"Mtoto, ndiyo. Mheshimiwa, mlimwita mtoto jina gani?"

Chepyegon akageukia kamera, akanyoosha tai. Maneno yalikuwa yamekaririwa. "Tulimwita Sigilai. Sigilai alikuwa babu yetu, baba ya baba yangu. Alifariki zamani, kabla mimi nizaliwe. Kuna watu wamechanganya na ndugu yangu, yule ako Kongo, tunamuombea. Si huyo. Hata Mama yangu ako hapa, anajua. Mama, ambia watu. Sigilai ni nani?"

Kogo aliinamia shuka lake.

Mikono yake ilikuwa ndani ya shuka, ikienda polepole. Zack alidhani anampapasa mtoto.

"Mama," Chepyegon alirudia, sasa kwa Kikipsigis. Zack, mtoto wa mashamba ya Kericho, alielewa kila neno. "Mama, sema vile tulikubaliana."

Bibi kizee aliangalia mteremko. Zack alifuata macho yake. Kitambaa chekundu kilionekana kati ya matawi, kimesimama. Jerusa alikuwa ameangalia chini, kwenye kiganja chake, kama mtu anayesoma. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha aliinua mkono ukafika sikioni.

Simu ikalia barazani.

Si ya Zack, hakuwa na mlio huo. Si ya Chepyegon, yake ilikuwa mezani, kimya. Ulikuwa mlio mdogo wa kabambe, simu ndogo ya vitufe, ulioanza, ukaendelea, ukitoka ndani ya shuka la sufu. Mtoto aliamka akaanza kulia.

Zack alielewa yote kwa pamoja. Kifua cha Dorine. Mafuta ya kupaka. Usimlaze upande wa dirisha. Si maneno ya mume. Yalikuwa maneno ya nyanya. Kila mwezi, kwa miaka miwili, Kogo aliandika ujumbe, akaizima simu, kisha akamkaribisha mke wa mwanawe jikoni wausome pamoja na kulia. Mwana mmoja alikuwa amemuua mwenzake, naye akachagua kubaki na mmoja kuliko kukosa wote.

"Mama, zima hiyo," alisema Chepyegon. "Mama!"

Kogo alimpa Zack mtoto, hivi tu, kama anavyopewa jirani, na Zack akampokea akiwa na wigi lake la mvi kichwani. Kisha akaitoa kabambe, akaifuta kwa pindo la shuka, akabonyeza kitufe cha kijani.

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka.

"Jerusa, mwanangu," alisema Kogo, na huko kwenye chai kitambaa chekundu kikageuka kuelekea nyumba. "Nimekuandikia usiingie huko, hukusikia. Sasa sogea kidogo. Umemkanyaga."